Ni Kusukuma Tu

Viatu ndivyo vilivyoanza.

Kavindu alirudi kutoka kazini na furushi la vitambaa begani, akakuta viatu vyote vya nyumba vimesogezwa mpaka ukutani, visigino vikigusa ukuta, kimoja kimebana kingine bila hata nafasi ya kupitisha kidole. Si vya watoto tu. Hata gambuti zake za shambani zilikuwa pale, na akala za baba mkwe wake, ambazo hakuna mtu aliyezigusa bila ruhusa.

"Lavender! Ni wewe umepanga viatu?"

"Mimi?" Binti yake alicheka kutoka jikoni. "Mum, si unanijua lakini?"

Alimjua. Lavender alikuwa kidato cha tatu na kitanda chake alikitandika kwa kutishiwa. Basi lazima ni Batho, kitinda mimba wake wa gredi ya nne. Kavindu akamshukuru Mungu, akainjika maharagwe. Mwanamke aliyeshinda ameinamia cherehani akishona sare za watoto wa watu hana nguvu za kuuliza kwa nini nyumba yake ni safi.

Asubuhi iliyofuata zilikuwa jerikeni za maji. Zilikuwa zimejaa, na zilikuwa zimesukumwa kutoka mlangoni hadi kwenye kona ya sebule. Sakafu ya simenti ilikuwa na michirizi iliyoonyesha zilikopita: imenyooka, kisha kona kali, kisha imenyooka tena. Hakuna mchirizi uliopinda hata kidogo. Batho hangeweza kusukuma jerikeni moja, sembuse zote. Na hewa ya pale kwenye kona ilikuwa na harufu ya waya uliopata moto, ikichanganyika na marashi ya waridi, lakini marashi ya zamani, yaliyokaa kwenye chupa mpaka yakaoza.

Siku hiyo, akinunua kitambaa cha sare kwa Ardo, mama Msomali waliyekuwa wakiuziana na kucheka tangu Batho akiwa mgongoni, Kavindu alitaja harufu ile kama mtu anayetaja panya. Ardo aliacha kupima. Mkono ulibaki hewani, umeshika kitambaa.

"Waridi na waya?"

"Ndio. Labda ni stima."

"Labda," Ardo alisema, na hakucheka. "Ukisikia tena, Kavindu, nitafute. Hata kama nimefunga duka."

*

Nyumbani kulikuwa na kitu kimoja tu kipya. Mutunga, mume wake, aliendesha lori kati ya Mombasa na Malaba, na safari yake ya mwisho alileta kidude cha gemu alichonunua kwenye meza ya mitumba kule Mombasa. Kilikuwa cha kijivu, kikubwa kama kipande cha sabuni ya kufulia, na skrini yake ilikuwa na mkwaruzo.

"Hii ni ya kitambo," aliwaambia watoto. "Haina bunduki, haina damu, haina bando. Chezeni kama watu."

Wakacheza kama watu. Gemu yenyewe ilikuwa moja na ilikuwa rahisi. Mtu mdogo mweupe, kichwa mraba na mwili mraba, yuko ndani ya stoo yenye vikasha. Kazi yake ni kusukuma kila kikasha hadi kwenye alama yake. Hakuna adui na hakuna saa ya kukukimbiza. Sheria ilikuwa moja: mtu yule anasukuma, havuti. Ukisukuma kikasha vibaya kikaingia kwenye kona, hakitoki tena, unaanza upya. Ukimaliza, kidude kinaimba ti-ri-ri, mtu mdogo anarukaruka, mlango unafunguka.

Kavindu alikuwa amejiambia hana muda wa mambo ya watoto. Lakini jioni moja, akingoja ugali uive, alikishika, na ugali ukaungua. Ilikuwa kazi pekee maishani mwake iliyowahi kuisha. Vyombo ukiosha vinachafuka, nguo ukifua zinavaliwa, mtoto ukimlisha anauliza kesho tutakula nini. Lakini kikasha cha mwisho kikiingia mahali pake, kinakaa. Hakuna anayekutoa tena kwenye hiyo furaha ndogo.

Aliyekipenda zaidi alikuwa mzee. Baba yake Mutunga alikuwa ameletwa kutoka Kola kufanyiwa macho, na macho yalipopona hakuna aliyekumbuka kumrudisha. Alikaa kwenye kigoda chake cha miguu mitatu, kile alichokuja nacho akisema viti vya plastiki ni vya watu wasiotaka kukaa, na mjukuu wake akijibanza kati ya magoti yake.

"Huyu mtu hana mke?" mzee aliuliza siku ya kwanza. "Mbona anahamisha vyombo peke yake?"

"Babu, umejifungia tena! Umejizungushia vikasha!"

"Nimejenga. Wewe unaona kufungwa, mimi naona nimejenga."

Sasa, kabla ya kuanza, kidude kiliuliza jina, na kilitoa vyumba vinne tu vya herufi. Jina la ubatizo la mtoto lilikuwa Bartholomew, ambalo haliwezi kuingia hapo. Alijaribu BATH, na Lavender akaanguka kwenye sofa kwa kicheko. "Ati jina lako ni bafu!" Kwa hasira mtoto akafuta, akaandika jina lake la nyumbani, ambalo liliingia sawasawa kama kikasha kwenye alama: NZAU. Na mzee, ilipofika zamu yake kwenye mstari wa mchezaji wa pili, aliandika lilelile, kwa sababu lilikuwa lake kwanza. Mtoto alikuwa amepewa jina la babu yake, kama desturi inavyotaka.

Kavindu hakuwahi kulitamka. Mke wa Mkamba hataji jina la baba mkwe wake. Hiyo ndiyo nthoni, na hailegei kwa sababu mtu amehamia Mumbuni na ana stima. Hapiti mbele yake akiwa kichwa wazi, hakai alipokaa, na jina lake halimtoki mdomoni. Ndiyo maana mtoto alikuwa Batho kwa mama yake tangu siku ya kwanza. Kwenye kliniki, nesi alipomuuliza mtoto anaitwa nani, Kavindu alinyoosha kidole kwenye kadi.

*

Mambo yakaendelea, kila siku jambo dogo lisilotosha kumfanya mtu apige kelele. Batho aliacha kukata kona anapotembea. Alikwenda moja kwa moja mpaka ukutani, akasimama, akageuka, akaenda tena. Mwalimu alipiga simu kusema mtoto anasukuma madawati ya wenzake mpaka ukutani na hajibu akiitwa. Kavindu akatoa betri kwenye kidude, akakitupa juu ya kabati. Jioni, akichambua mboga, akasikia ti-ri-ri kutoka juu kule. Alipokishusha kilikuwa na joto kama yai lililotagwa sasa hivi, na mtu mdogo kwenye skrini hakuwa mweupe tena. Alikuwa amevaa kijani. Kavindu alijua kijani kile. Alikuwa amekishona mwenyewe. Ilikuwa sare ya Batho.

"Batho, nani amembadilisha rangi?"

Mtoto hakuinua macho kwenye sahani ambayo hakuwa amegusa. "Ni mwenye stoo."

"Mwenye stoo ni nani?"

"Anasema nikimaliza hii, mlango unafunguka." Akafikiri kidogo. "Lakini hasemi mlango wa nani."

Usiku ule Kavindu alilala kitanda kimoja na mtoto, mkono wake umemzunguka. Asubuhi alikuta kitanda kimesogea mpaka ukutani, upande wa mtoto.

*

Jambo lenyewe halikuja gizani, kama watu wanavyodhani mambo haya huja. Lilikuja Jumamosi baada ya chakula cha mchana, jua linawaka, redio ya jirani inapiga benga, na Kavindu akiwa nje anaanika shuka. Alisikia mkwaruzo mrefu wa kitu kizito juu ya simenti, kisha mwingine, kisha mingi kwa pamoja, kana kwamba nyumba nzima ilikuwa inahama, kisha ti-ri-ri, kisha kimya, na ndani ya kimya kile harufu ya waridi iliyooza ikatoka mlangoni ikamfikia hadi kwenye kamba ya nguo.

Alikimbia ndani na shuka mkononi. Sebule ilikuwa tupu katikati. Sofa, kabati la vyombo, magunia mawili ya mahindi, jerikeni, meza, hata mtungi wa gesi, vyote vilikuwa vimesukumwa kwenye kona moja, vimebanana bila ufa, na nyuma yake, pale ukuta unapokutana na ukuta, kilionekana kichwa cha Batho, macho wazi, hayapepesi, midomo ya rangi ya majivu. Kavindu alishika gunia la mahindi akavuta, yeye aliyebeba magunia ya mahindi maisha yake yote, na gunia halikusogea. Alivuta mpaka kucha zikavunjika, Lavender akaja akashika kiuno cha mama yake wakavuta pamoja wakilia, na gunia likakaa kama limeota mizizi kwenye simenti, na kila walipojikwaa na kulisukuma hata kidogo liliteleza kwa urahisi, kama limepakwa mafuta, kuelekea kwa mtoto.

"Usisukume!" Kavindu alipiga kelele. "Usiguse! Batho! Batho!"

Sauti ikatoka kwenye kidude, kilichokuwa sakafuni katikati ya chumba kile kitupu. Ilikuwa sauti ya mtoto wake, lakini ilisema taratibu, kama mtu anayesoma kibao cha duka.

"Hakuna Batho hapa."

"Kimbia umwite Ardo!" Kavindu alisema, na Lavender akakimbia bila kuambiwa mara mbili, bila viatu.

*

Ardo alikuja na buibui lake likipeperuka, akasimama mlangoni, akavuta hewa, akafumba macho.

"Mimi ni muuza vitambaa," alisema chini chini. "Baba yangu ndiye alikuwa anasomea watu Kurani. Mimi nilikuwa nashika taa tu."

"Basi shika taa, dada," Kavindu alimwambia. "Mtoto wangu anakufa."

Ardo akaketi sakafuni, akaanza kusoma, sauti ya chini isiyo na haraka, na kadiri alivyosoma ndivyo vyombo vilivyotetemeka ndani ya kabati. Skrini iliwaka. Mtu mdogo wa kijani alikuwa kwenye kona, vikasha vimemzunguka. Nje ya vikasha alisimama mwingine, mrefu, mweusi, asiyekuwa mraba. Kitu pekee kwenye gemu ile kilichokuwa na mviringo.

Ardo aliacha kusoma. "Mtoto aliingia kwa jina. Alikipa kidude jina gani?"

Kavindu aliangalia skrini, akaangalia mlango. Mzee alikuwa amesimama pale, ameegemea bakora yake, kigoda mkononi.

"Si Batho," Kavindu alinong'ona.

"Basi mwite kwa hilo. Wewe uliyemzaa. Akiitwa na mtu mwingine hatasikia."

"Siwezi."

"Mama, sema tu!" Lavender alilia. "Aki sema tu!"

Kavindu alifungua mdomo, akaufunga. Alimtazama mtoto wake, akaona vumbi limetua kwenye jicho lililo wazi na jicho halikufumba. Mzee akakohoa.

"Mama Lavender," alisema, akimpa mgongo kama mtu anayechunguza ukuta. "Masikio yangu unayajua. Macho walitengeneza, masikio wakaacha. Mimi sisikii chochote ndani ya hii nyumba."

Ndipo Kavindu akasema. "Nzau."

Macho ya mtoto yakapepesa.

"Nzau! Njoo kwa mama!"

"Nimekusikia, mama," sauti ilitoka kwenye kidude, na safari hii ilikuwa yake kweli, yenye kamasi. "Lakini nimejifungia. Vuta."

"Hakuna kuvuta," sauti ile nyingine ilisema papo hapo, kutoka kidude kilekile, na ilicheka taratibu. "Hapa ni kusukuma tu."

Ardo akajifunika uso. Mzee peke yake ndiye aliyetikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyeambiwa bei anayoijua.

"Anasema kweli," alisema. "Hiyo gemu naijua, nimeshajifungia mara nyingi. Ukiwa nje ukisukuma, unamponda. Ukivuta, haitoki." Aliweka kigoda chini karibu na kidude, akakaa, akapandisha kidude kwenye magoti. "Anatakiwa mtu wa kusukuma kutoka ndani."

"Mzee, hapana," Ardo alisema haraka. "Baba yangu alisema. Anayesukuma hubaki nyuma ya alichosukuma. Kila mara."

"Nimesikia."

"Ulisema husikii," Lavender alisema, na akaanza kulia upya.

Mzee alibonyeza kwa kidole gumba kigumu mpaka akafika mstari wa mchezaji wa pili, pale palipoandikwa jina lake. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu Kavindu aolewe, alimwangalia usoni.

"Mtoto aliingia kwa jina. Na mimi siingii mpaka niitwe. Walioniita kwa jina wote wako ardhini, mama. Mama yangu, mke wangu, rika langu. Leo nimelisikia kwa mdomo wako." Akatabasamu kidogo. "Lilikuwa halijachakaa."

Kavindu alielewa anachoombwa. Hakuna aliyemdanganya, na baadaye, Mutunga alipomuuliza, hakusema hakujua. Alimwangalia mtoto, alimwangalia mzee aliyemfundisha mtoto yule kucheka, na alipima, jinsi mama anavyopima unga wa mwisho, haraka na bila kupenda, kisha akavua kitambaa cha kichwa kwa sababu hakukuwa na heshima iliyobaki ya kutunza, akapiga magoti mbele ya baba mkwe wake na kumwita, kwa sauti, kama anavyoitwa mtu aliye ng'ambo ya bonde.

"Nzau!"

"Naam," mzee alijibu.

Kichwa chake kikalala kifuani. Kwenye skrini, ndani ya kona, nyuma ya mtu mdogo wa kijani, akatokea mwingine mwenye bakora, na Ardo akaanza kusoma kwa nguvu zote, na mtungi wa gesi ukasogea, ukasogea kuja nje, halafu meza, halafu kabati lenye vikombe vinavyogongana, halafu magunia ya mahindi yakija yenyewe juu ya simenti kwa mistari iliyonyooka, kila kimoja kikifika mahali pake na kusimama, na kile kirefu cheusi kikarudi nyuma kwenye skrini, na mwishoni, kama mtoto anayesukumwa mgongoni na babu yake akicheza, Batho alitoka kwenye kona akijikwaa, akaanguka mikononi mwa mama yake, akapumua, akasema:

"Mama, kuna isyo ilibaki kwenye sufuria?"

Nyuma yake kila kitu kikateleza na kurudi kwenye kona kwa kishindo kimoja. Kidude hakikuimba.

*

Mzee aliishi mpaka maharagwe yalipovunwa, lakini hakuwepo. Alikaa kitandani, vidole gumba vikisogea juu ya kitu kisichokuwepo. Walimzika Kola, kando ya mke wake, na kwenye mazishi akina mama wa kanisa walisikika wakinong'ona kwamba mke wa Mutunga sasa anataja jina la mkwe wake waziwazi, akimwita mtoto nalo mbele ya watu, bila haya. Kavindu aliwasikia, akaendelea kugawa chai.

Kidude hakukivunja. Ardo alimkataza: ukivunja mlango, aliye ndani hana pa kutokea. Kavindu alikifunga kwa kitambaa cha kijani, akakiweka kwenye kona ile, na mbele yake akaweka kigoda cha mzee, kigoda kile kikabaki palepale asubuhi baada ya asubuhi. Mara moja tu alifungua kitambaa kutazama. Mwenye bakora alikuwa ameegemeza bega lake kwenye kikasha. Upande wa pili wa kikasha kulikuwa na weusi.

Halafu kukawa na asubuhi, juzi tu, uji uko motoni na mtoto anatafuta soksi, Kavindu alipopita na ufagio akaona kigoda hakiko mahali pake. Kilikuwa kimerudi nyuma kuelekea katikati ya sebule, upana wa kiganja. Kwenye simenti palikuwa na mchirizi mmoja mpya, umenyooka. Harufu ya waridi ilikuwa nyembamba sana, kama imepita chini ya mlango.

Kavindu hakupiga kelele. Aliweka ufagio chini, akapiga magoti, akaegemeza bega lake kwenye kigoda kile. Kilikuwa kitu chepesi, mtoto angekibeba kwa mkono mmoja, lakini upande wa pili palikuwa na uzito, na uzito ule ulikuwa unapumua. Alikaza miguu kwenye simenti.

"Sukuma," alinong'ona. "Sukuma, Nzau. Niko hapa nyuma yako."

Kigoda kikasogea mbele, upana wa kidole.

Nyuma yake, kutoka jikoni, kijiko kikagonga bakuli.

"Naam, mama? Umeniita?"

"Si wewe!" alisema, bila kugeuka, bila kuachilia. "Kunywa uji wako. Na usiitike tena mpaka unione uso."